Shajara ya modeli ya Royal Crescent: mbele sare, nyuma kila mtu na lake

Januari

Nimeamua. Modeli ya mwaka huu ni Royal Crescent ya mjini Bath: nyumba 30 zilizoshikana ukuta kwa ukuta, zikajipinda kwa umbo la mwezi mwandamo juu ya mteremko wa majani. Ni kazi ya John Wood Mdogo, ilianza 1767 na ikamalizika karibu na 1775. Picha zake zimejaa kwenye kalenda na makopo ya biskuti hapa Uingereza, na hilo ndilo lililonifanya nisite kwa muda mrefu. Jengo ambalo kila mtu amekwisha kuliona ni gumu kulitazama.

Jambo la kwanza la kuamua lilikuwa skeli. Kutoka ncha hadi ncha jengo lina kama futi 500, yaani mita 150 na ushei. Kwa 1:100 ningehitaji ubao wa mita moja na nusu, na chumba ninachofanyia kazi hapa Bristol kina meza moja tu, ambayo jioni ndiyo meza ya chakula. Kwa 1:200 inakuwa sentimita 76 hivi. Inakaa, na sahani mbili zinabaki na nafasi.

Halafu kuna nguzo. Uso wa mbele una nguzo 114 za mtindo wa Ayoniki, na kila moja ina kipenyo cha inchi 30, sawa na sentimita 76. Gawanya kwa 200 unapata milimita 3.8. Vijiti vya mishikaki vya mianzi vinavyouzwa kwa pakiti dukani vina milimita 3 au 4. Nilipopima pakiti ya vile vinene na kuona kipimo kinakubali, mjadala wa skeli ukaisha palepale.

Modeli nyingi nilizoziona za safu za nyumba za aina hii huishia usoni. Mbele kuna kila kitu, nyuma kuna kipande cha plaiwudi na saini ya fundi. Yangu itakuwa na migongo yote 30. Sababu nitaziandika nikifika huko.

Februari

Nimechora msingi. Mpindo wa Royal Crescent si kipande cha duara, ni nusu ya duaradufu. Kuchora duaradufu hakuhitaji kompyuta: piga misumari miwili ubaoni, funga uzi uliolegea katikati yake, kaza uzi kwa ncha ya penseli kisha zungusha. Urefu wa uzi na umbali wa misumari ndivyo vinavyoamua umbo. Kina cha mpindo nimekitoa kwenye picha ya angani, nikasogeza misumari mpaka mstari ukalala juu ya mstari wa picha.

Mstari wa mbele ulikuwa rahisi. Kazi ilianza kwenye mstari wa nyuma. Nyumba zinatazama ndani ya mpindo, kwa hiyo kuta za kati zinazotenganisha jirani na jirani hutoka mbele zikienda nyuma huku zikiachana. Maana yake hakuna kiwanja cha mstatili. Kila nyumba ni nyembamba usoni na pana mgongoni. Na kwa kuwa duaradufu hujipinda zaidi kwenye ncha kuliko katikati, nyumba za pembeni zinatanuka zaidi, ilhali zile za katikati zinakaribia kunyooka. Ukisogeza duaradufu nyuma kwa kina kilekile kila mahali, hupati duaradufu nyingine. Unapata mstari usio na fomula nyepesi, na ilinibidi niuchore kipande kwa kipande kwa rula na kipimapembe.

Sasa fikiria seremala wa mwaka 1770 anayelaza boriti za sakafu kati ya kuta mbili zinazoachana. Boriti ya mbele ni fupi, inayofuata imeongezeka kidogo, ya nyuma ni ndefu kuliko zote. Huwezi kukata rundo zima kwa kipimo kimoja ukaenda zako kunywa chai. Ukisimama kwenye nyasi huoni lolote kati ya haya, unaona tu mpindo mtulivu.

Kuta za kati nimezikata kwa kadibodi ngumu ya milimita 2 na kuzisimamisha ubaoni kwa gundi ya mbao. Ukitazama kutoka juu, modeli kwa sasa ni uti wa mgongo mtupu.

Machi

Mwezi wa nguzo.

Urefu wake nimeupata kwa kanuni ya Palladio, yule Mtaliano wa karne ya 16 ambaye vitabu vyake vilikuwa msahafu wa wasanifu wa Kiingereza wa karne ya 18: nguzo ya Ayoniki iwe na urefu wa vipenyo 9. Inchi 30 mara 9 ni futi 22 na nusu, na kwa skeli yangu ni milimita 34. Urefu huo unabeba orofa mbili kwa mpigo, ya kwanza na ya pili. Orofa ya chini imeachwa tupu, ukuta laini wenye milango na madirisha tu, ikifanya kazi ya kiti cha kukalia nguzo. Juu ya nguzo kuna mhimili wa mlalo wenye kina cha futi 5, na juu yake ukuta mfupi unaoficha sehemu ya paa. Mbinu ya nguzo zinazoruka orofa mbili ndiyo inayofanya nyumba za kupanga zionekane kama kasri. Nguzo zingekuwa za orofa moja moja ungehesabu nyumba. Hizi hazikupi nafasi ya kuhesabu.

Nguzo hazikusimama peke yake. Zimeshikamana na ukuta, sehemu ya mzingo wake imezama ndani. Kwa hiyo kila kijiti nakisugua upande mmoja kwa msasa mpaka kinapata tumbo bapa la kugandia, kisha nakikata kwa kisu nikikibingirisha chini ya makali. Ukikikandamiza kinapasuka nyuzi. Juu kidogo nakipunguza unene, kwa sababu nguzo halisi pia hupungua kuelekea kichwani.

Vichwa ndivyo vilivyonila muda. Alama ya Ayoniki ni ile mizunguko miwili inayojikunja pembeni kama pembe za kondoo dume. Kwa skeli hii kila mzunguko hauzidi milimita 2. Nilichofanya: uzi wa cherehani mweupe umelowekwa gundi iliyozimuliwa, ukazungushwa kwenye ncha ya pini, ukaachwa ukauke, pini ikachomolewa. Kila nguzo inataka miwili ya mbele, jumla 228. Redio imenisaidia sana mwezi huu.

Katikati ya mpindo kuna kitu ambacho wageni wengi hupita bila kukiona. Nyumba namba 16 ina nguzo zilizosimama mbili mbili, jozi huku na jozi kule, na dirisha moja katikati yake. Hiyo ndiyo alama pekee ya kitovu. Hakuna pembetatu ya juu wala ngazi kubwa, wala sanamu. Mwenye kiburi angeweka kuba. Wood Mdogo alisogeza nguzo tu.

Aprili

Nimekwenda Bath kuangalia rangi na mawe. Kutoka Bristol ni mwendo mfupi kwa treni, lakini kutoka stesheni nilipanda kwa miguu makusudi, kwa njia iliyopangwa na baba na mwana.

Unaanza Queen Square, ambako John Wood Mkubwa alijenga kati ya 1728 na 1736. Upande wa kaskazini wa uwanja ule ni nyumba saba zilizovishwa uso mmoja wa kasri. Unapanda Gay Street, unaingia The Circus, duara kamili la nyumba 33 lililogawanywa vipande vitatu, lenye nguzo za ngazi tatu: Doriki chini, Ayoniki katikati, Korintho juu. Wood Mkubwa alifariki mwezi Mei 1754, miezi michache tu tangu jiwe la kwanza liwekwe, na mwanawe akaimalizia kazi hadi 1768. Kutoka The Circus unashika Brock Street, barabara isiyo na mbwembwe kabisa. Nyumba zake ni za kawaida, na hilo lilikusudiwa: mwana hakutaka uone kinachokuja. Mwisho wa Brock Street ukuta wa kulia unakwisha ghafla, na mpindo wote unafunguka mbele yako na bonde chini yake.

Baba alijaza kila pengo kwa mapambo. The Circus ina vibao vya kuchonga 525 vya nyoka, vyombo vya muziki, nyuki na alama za kila namna. Mwana akachukua mtindo mmoja wa nguzo akaurudia mara 114, akaliachia bonde likamilishe kazi. Mimi niko upande wa mwana.

Sasa mawe. Jiwe la Bath ni chokaa ya vichembe vya mviringo iliyoganda chini ya bahari ya kale. Sehemu kubwa ilitoka kwenye machimbo ya Combe Down, kilima kilicho kusini mwa mji, ambako tajiri Ralph Allen alikuwa amejenga njia ya reli ya kuteremshia mawe hadi mto Avon. Jiwe likitoka ardhini lina unyevunyevu na ni laini, linakatwa kwa msumeno wa mkono. Likikaa hewani unyevu ule hutoka na uso hukakamaa. Mwashi mzuri hulilaza kama lilivyolala ardhini, matabaka yakiwa ya mlalo. Ukilisimamisha, baridi na maji hulimenya ganda baada ya ganda. Nimeona mawe machache ya namna hiyo kwenye nyumba za mitaa ya pembeni, yamechubuka wakati jirani zake ni wazima.

Rangi yake ni manjano ya krimu, lakini si moja. Pale mvua inapoosha ni nyepesi, na kwenye kwapa za mihimili kuna weusi uliobaki. Moshi wa makaa ya mawe ulikuwa na salfa, salfa ikakutana na chokaa, likafanyika gamba la jasi lililonasa masizi. Kwa muda mrefu wa karne ya 19 na ya 20 mji huu ulikuwa mweusi. Usafishaji wa karne ya 20, mwingi kwa kunyunyizia maji taratibu, ndio uliourudishia rangi tunayoijua.

Nyumbani nimejaribu vipande vya kadibodi kwa rangi za maji, za akriliki na za chaki. Iliyoshinda ni chai ya rangi iliyochemka sana, ikapakwa kwa brashi pana kisha ikafutwa kwa kitambaa kabla haijakauka. Inaacha mabaka madogo ambayo rangi ya dukani haikuyatoa. Kwa weusi wa kwapani, unga wa penseli.

Mei

Nimefika nyuma.

Nyuma ya Royal Crescent kuna kichochoro kinaitwa Crescent Lane. Watalii hawafiki, hakuna cha kupigia picha. Nilitembea huko nikiwa na daftari, na kwa saa nzima nilichora mabomba. Kuta za nyuma ni za mawe ya kifusi, hazikukatwa wala kulainishwa. Nyumba hii imetokeza nyuma kwa chumba cha orofa tatu, ya pili haikutokeza kabisa, ya tatu ina kitu kilichoongezwa baadaye juu ya kitu kilichoongezwa zamani. Paa moja liko juu, jingine chini. Madirisha hayapatani kimo wala upana. Mahali pengine unaona upande wa mbele unaoonekana ni nyumba mbili kumbe ni moja, maana nyuma hakuna mgawanyo.

Nimebandika michoro ukutani. Jirani yangu, mama wa Kimombasa aliyeishi Bristol miaka mingi, alikuja kuazima sufuria akasimama mbele yake muda mrefu. Akauliza, "Mwanangu, hizi nyumba ni zile zile za mbele?" Nikamwambia ndizo, Mama. Akacheka. "Basi mbele wamevaa kanga za sare, nyuma kila mtu na lake."

Sijasoma maelezo bora zaidi ya mfumo wa ujenzi wa Uingereza ya karne ya 18.

Wood Mdogo hakujenga nyumba 30. Ardhi ilikuwa ya ukoo wa Garrard. Yeye aliikodi kwa mkataba, akaigawa viwanja, akavikodisha kwa mafundi na wawekezaji wadogo. Aliyechukua kiwanja alifungwa na sharti moja kubwa: uso wa mbele ujengwe kwa mchoro wa Wood, usiongezwe wala kupunguzwa. Akishatimiza hilo, nyuma ya uso alikuwa huru. Alimleta msanifu wake, akapanga vyumba alivyotaka na ngazi alipotaka. Aliyekuwa na fedha alichukua upana mkubwa zaidi. Ndiyo maana kuta zangu za kati hazikai kwa nafasi sawa, ingawa nguzo za mbele hazionyeshi tofauti yoyote.

Utaratibu huu ulienea miji mingi ya Uingereza. Mwenye ardhi hakuuza; alikodisha, mara nyingi kwa miaka 99, na katika mwaka wa kwanza au miwili ya ujenzi fundi alitozwa kodi ya jina tu, punje moja ya pilipili manga. Nyumba ikikamilika kodi halisi inaanza, kwa hiyo fundi anakimbia kuipangisha au kuiuza kabla muda haujafika. Seremala alimfanyia mwashi madirisha, mwashi akamlipa seremala kwa kumsimamishia ukuta kwenye kiwanja chake. Fedha taslimu ilikuwa kidogo, ahadi zilikuwa nyingi. Ahadi hizo zilipovunjika zilivunjika kwa kishindo: mwaka 1793, vita na Ufaransa vilipoanza, baadhi ya benki za Bath zilifungwa na wajenzi wakafilisika. Hapa Bristol, Royal York Crescent iliyoanzwa 1791 ilikaa gofu miaka mingi na kumalizika karibu 1820.

Kwa nini basi wote walikubali sare? Kwa sababu ndiyo iliyouza. Watu walikuja Bath kwa msimu, kuoga na kunywa maji ya moto yanayotoka ardhini, kucheza karata, kutafutia mabinti wachumba. Walipanga nyumba kwa wiki au miezi. Mpangaji wa kawaida asingeweza kujenga kasri, lakini angeweza kukodi kipande cha thelathini cha kasri na kuandika anwani yake kwenye barua. Fundi aliyekataa mchoro wa Wood angebaki na nyumba nzuri isiyo na anwani. Na sehemu ya fedha zilizopita katika mji huu ilitoka mbali. William Beckford, aliyehamia Lansdown Crescent, mpindo mwingine wa Bath, mwaka 1822, utajiri wake ulikuwa wa mashamba ya sukari ya Jamaica, yaani jasho la watumwa. Ukipiga hesabu ya mawe haya, na hilo liingie kwenye hesabu.

Kwa hiyo uso wa mbele wa Royal Crescent nauona kwanza kama kifungu cha mkataba kilichoandikwa kwa mawe. Modeli isiyo na mgongo inakusomea kifungu hicho kimoja na kuficha kurasa nyingine. Ndiyo sababu ya migongo 30.

Kuijenga ni raha kuliko nguzo. Kwa mawe ya kifusi nimetumia maganda ya mayai yaliyosagwa, yakanyunyizwa juu ya gundi mbichi kisha yakapakwa chai ileile. Viambatisho vya nyuma nimevikata bila kipimo kikali, kwa jicho, kwa sababu hata wenyewe walivijenga hivyo.

Juni

Madirisha. Dirisha la Kiingereza la wakati ule lina fremu mbili zinazopishana, moja hupandishwa na nyingine hushushwa. Ndani ya kisanduku cha mbao kila upande kuna kamba, kapi, na pande la chuma lenye uzito sawa na nusu ya fremu, ndiyo maana dirisha kubwa linasimama popote unapoliachia. Kila fremu ilikuwa na vioo vidogo sita. Hawakupenda vidogo, hawakuwa na vikubwa. Kioo kilipulizwa na kuzungushwa mpaka kikawa sahani bapa, kisha kikakatwa vipande, na sahani haikuweza kutoa kipande kikubwa.

Mti unaogawa vioo vile una unene wa kama sentimita 2 na nusu. Kwangu ni milimita 0.1 na kidogo. Hakuna kisu kinachokata hivyo. Nimekwaruza mistari kwa sindano kwenye plastiki angavu, nikasugua rangi nyeupe juu yake, nikaifuta. Rangi inabaki ndani ya mkwaruzo tu. Ukiikaribia kwa jicho la uchi utaapa kuna mbao.

Swali gumu lilikuwa la vizingiti. Katika karne ya 19, kodi ya vioo ilipofutwa 1845 na ile ya madirisha ikafutwa 1851, wakazi wengi waliteremsha vizingiti vya chini vya madirisha ya orofa ya kwanza ili dirisha liwe refu na mwanga uingie, wakatoa vioo vidogo wakaweka vipande vikubwa. Kila mmoja alifanya kwa wakati wake. Namba 1, ambayo sasa ni makumbusho, ilirudishiwa vizingiti vya juu na vioo vidogo wakati wa kukarabatiwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Kwa hiyo mstari wa vizingiti unapanda na kushuka kama unausoma kwa makini. Nilishauriwa na rafiki mmoja msanifu niweke wote kama walivyokuwa 1775. Nimekataa. Ninajenga kilichosimama leo, na mivutano yake yote.

Katika moyo huohuo mlango wa namba 22 nimeupaka rangi ya njano. Miaka ya 1970 mwenye nyumba hiyo aliupaka hivyo badala ya nyeupe iliyozoeleka. Halmashauri ya mji ikampa amri aurudishe, yeye akagoma, shauri likapanda mpaka kwa waziri wa mazingira, na waziri akaamua mlango ubaki njano. Nukta moja ya njano yenye upana wa milimita 5 kwenye uso wa sentimita 76, na kila aliyeingia chumbani ameiona kabla ya nguzo.

Julai

Kazi ndogo mwezi huu, joto limefanya gundi ikauke kwenye brashi.

Nimemaliza ardhi ya mbele. Kati ya nyasi za wakazi na bustani ya umma ya Royal Victoria Park, iliyofunguliwa 1830 na binti mfalme Victoria akiwa na miaka 11, kuna handaki lenye ukuta upande mmoja. Ukiwa juu karibu na nyumba huoni ukuta wala shimo, unaona nyasi zinazoteremka bila kukatika. Ukiwa chini unakuta ukuta unaokuzuia. Zamani ulizuia mifugo. Nimeuchonga kwenye povu gumu na kuweka kipande cha kadibodi ya chai. Mgeni anayetazama modeli kwa usawa wa madirisha haoni kitu, akiizunguka anaukuta. Umefanya kazi yake.

Agosti

Mapaa. Vigae vya sileti nimevitengeneza kwa msasa wa kijivu wa kusugulia rangi ya magari, ule wa namba kubwa, uliokatwa mikanda na kupandanishwa. Madirisha ya darini yanachungulia nyuma ya ukuta mfupi wa mbele. Humo walilala wafanyakazi, na jiko likawa chini kabisa, chini ya usawa wa barabara. Aliyelala juu alifanya kazi chini, na kati yake kulikuwa na ngazi za orofa zote.

Namba 2 na namba 17 nimezifanya zitoke, ziweze kuinuliwa kama droo. Usiku wa mashambulizi ya anga ya Aprili 1942 mabomu ya moto yaliziunguza ndani kabisa, kisha zikajengwa upya. Ukizivuta unakuta sakafu nyeupe mpya, wakati majirani zake wana sakafu za rangi ya mbao. Ukizirudisha, uso umekamilika. Baada ya vita kulikuwa na wazo la kuugeuza mpindo wote kuwa ofisi za halmashauri. Halikufua dafu, na mwaka 1950 jengo likaingizwa kwenye daraja la juu kabisa la majengo yanayolindwa. Leo chache zimebaki nyumba nzima, nyingi zimegawanywa fleti, na ile ya katikati yenye nguzo za jozi ni hoteli. Vitufe vya kengele za milango ya fleti haviingii kwenye skeli yangu, nimeviacha.

Kilichobaki ni mabomba ya maji ya mvua ya nyuma, ambayo nitayafanya kwa waya wa shaba wa nusu milimita, na mabomba ya moshi juu ya kuta za kati, kundi kwa kila ukuta. Jirani ameshatangaza kwamba modeli ikikamilika itakaa sebuleni kwake wakati wa Idi, na itatazamishwa mgongo kwa wageni. Sijambishia. Nimemwomba tu aiweke mbali na dirisha, maana rangi ya chai hufifia juani.